Habari za John Gough

John Gough alizaliwa Sandgate, Uingereza, mwaka wa 1817. Baba yake alikuwa askari wa zamani mwenye malipo haba. Mama yake alifundisha watoto wa kijiji. Umaskini uliwabana, hata mwaka wa 1829, John akiwa na miaka 12, wakamkabidhi kwa jamaa moja iliyohamia Marekani. Sisi tulio na watoto wa umri huo twaweza kuupima uzito wa safari ile.

Akakaa shambani miaka miwili, kisha akaenda New York kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Baadaye mama na dada wakamfuata. Lakini kazi ikakosekana, njaa na baridi vikawashika, na mwaka wa 1834 mama akafa ghafula, akazikwa kama wazikwavyo fukara. Tangu hapo John alijitafutia rafiki katika nyumba za pombe. Alijua kuimba na kuigiza. Wakampenda kwa hayo, wakamnywesha. Akaoa, lakini mke na mtoto wakafa, naye akazidi kuzama. Mikono yake ikatetemeka hata kazi ikamshinda.

Ikawa Oktoba 1842, mjini Worcester, jioni, mtu akamgusa begani njiani. Ndiye Joel Stratton, mtumishi wa mezani, ambaye hawakujuana. Hakumkemea, alisema naye kwa heshima, akamwalika katika mkutano wa watu walioahidi kuacha vileo. Gough akaenda, akaliandika jina lake, nao wakamtembelea kazini kumtia moyo.

Wengi wetu tungependa habari ziishie hapo, lakini sivyo ilivyokuwa. Miezi michache baadaye akaanguka. Akarudi kwa wenzake, akaungama, nao wakampokea, akaahidi upya. Mwaka wa 1845 akaanguka tena huko New York. Mwenyewe alisema ametiliwa dawa katika kinywaji. Adui zake wakamcheka sana, ila rafiki hawakumwacha. Hapa twajiuliza, sisi na wazee wetu wa kanisa, kama tungalivumilia mara ya pili hiyo. Sisi tumepata kulifuta jina la mtu upesi kuliko hivyo.

Gough akahutubia mikutano maelfu, Marekani na Uingereza, muda wa miaka zaidi ya 40. Februari 1886, akisema mbele ya watu huko Frankford, Philadelphia, akaanguka kwa kiharusi. Siku chache baadaye akafa. Akazikwa Worcester.