Mtakatifu Fransisko wa Assisi, Mtengenezaji wa Nyumba Zilizobomoka

Katika nchi ya Italia, ubavuni mwa mlima uitwao Subasio, upo mji mdogo wa Assisi. Huko alizaliwa Fransisko, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mwenye mali. Mama yake aliitwa Pica. Mtoto alibatizwa kwa jina la Yohane, lakini baba yake akapenda kumwita Fransisko, na jina hilo likamkaa.

Juu ya ujana wake sitakawia. Alipenda karamu, nyimbo na mavazi ya fahari, akazitumia fedha za baba yake bila kuzihesabu. Mwaka 1202 alikwenda vitani pamoja na wenzake kupigana na mji jirani wa Perugia. Watu wa Assisi walishindwa, naye akafungwa yapata mwaka mzima. Akatoka gerezani, kisha akaugua sana. Mwaka 1205 alitaka kwenda vitani tena, lakini alipofika Spoleto akageuka, akarudi kwao. Tangu hapo akaanza kutafuta mahali pa upweke apate kusali, akawaendea na wakoma, ambao zamani hakuweza hata kuwatazama.

Basi, nje ya kuta za mji palikuwa na kanisa dogo la Mtakatifu Damiano. Lilikuwa la kale, limechakaa, karibu kuanguka. Padre mmoja maskini alilitunza. Siku moja Fransisko aliingia humo, akapiga magoti mbele ya msalaba uliochorwa juu ya ubao, akasikia sauti ya Bwana ikimwagiza aende kuitengeneza nyumba yake, iliyokuwa ikibomoka kama alivyoiona kwa macho yake.

Wahubiri wengi wakifika hapa husema kwamba Fransisko hakuelewa. Bwana, wasema, alinena juu ya Kanisa zima, yaani watu wake, naye kijana yule akafikiri juu ya mawe na chokaa. Mimi siwafuati katika neno hilo. Nyumba ilikuwa inaanguka kweli. Mtu aliyeagizwa kutengeneza, akaanza na ukuta ulio mbele ya macho yake, hakukosea.

Kama alikosea, alikosea katika fedha. Alichukua nguo za thamani katika duka la baba yake, akaenda kuziuza sokoni Foligno, akamwuza na farasi aliyempanda, akarudi kwa miguu. Fedha akampa padre. Padre akaogopa jamaa zake, akakataa. Fransisko akazitupa dirishani mwa kanisa zikakaa huko. Pietro alipopata habari akawaka hasira. Kijana akajificha mwezi mmoja, na alipojitokeza baba yake akamkamata, akampiga, akamfungia nyumbani, mpaka mama yake alipomfungulia wakati mumewe yu safarini. Mwisho, mwaka 1206, shauri likaletwa mbele ya Askofu Guido. Fransisko akarudisha fedha yote, akavua na nguo alizovaa, akaziweka mbele ya baba yake, akasimama uchi. Askofu akamfunika kwa joho lake.

Hapo ndipo kazi ya Damiano ilipoanza kweli, maana fundi sasa hakuwa na kitu. Akaenda njiani na sokoni akiimba, kisha akaomba mawe. Aliahidi kwamba atakayetoa jiwe moja atapata thawabu moja kwa Mungu, atakayetoa mawili atapata mbili, na atakayetoa matatu, tatu. Wengine walimcheka wakidhani ana wazimu. Wengine wakatokwa na machozi, wakikumbuka jinsi alivyokuwa amevaa. Mawe aliyabeba mabegani mwake mwenyewe, yeye aliyelelewa kwa vyakula laini. Padre alipomwona amechoka akaanza kumpikia vizuri. Fransisko akafahamu kwamba anarudia anasa zake za kale, akachukua bakuli, akaenda kuombaomba makombo nyumba kwa nyumba. Mara ya kwanza kuyatazama, tumbo lilimchafuka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo napenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Alikwenda kuomba mafuta kwa ajili ya taa ya kanisa, akakuta mlangoni pa nyumba watu wamekusanyika wakicheza. Akaona haya, akarudi nyuma. Baada ya hatua chache akajihukumu, akageuka, akaingia katikati yao, akakiri mbele ya wote kwamba alikuwa ameona haya, ndipo akaomba mafuta.

Ndugu msomaji, kujenga nyumba mpya kuna heshima zake. Jiwe la msingi hubarikiwa, wakubwa hualikwa, ngoma hupigwa. Kuziba ufa hakuna sherehe. Tena kutengeneza nyumba ya kale kwahitaji akili kuliko kuanza upya, kwa sababu fundi hana budi kujua kwanza ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Mara nyingi ugonjwa ni maji. Kigae kimoja kikivunjika, au bati likitoboka, mvua huingia, boriti huoza na kulegea, kenchi husukuma ukuta upande, ukuta hupasuka. Anayepaka chokaa juu ya ufa na kuliacha tundu la paa amepoteza chokaa yake. Kwetu, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, jambo hilo halihitaji ushahidi.

Sisi wa Kisangani twazijua nyumba zilizobomoka. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, na komini ya Tshopo iliumia sana. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa, na shule 69 zilizopigwa kwa makombora. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325 kwa hasara za vita vya miaka ile katika nchi yetu. Lakini ni nani angeweza kulala miaka 22 chini ya paa lililotoboka akingoja hukumu? Wazazi wetu waliokota matofali yaliyoanguka, wakayakwangua, wakayapanga tena. Ndiyo sababu habari ya kijana aliyeomba mawe njiani haitushangazi kama inavyowashangaza watu wa nchi zilizostarehe.

Damiano ilipokwisha, Fransisko akatengeneza kanisa jingine, la Mtakatifu Petro, kisha la tatu, bondeni, katikati ya msitu: kanisa dogo la Bikira Maria wa Malaika, liitwalo Porziuncola. Lilikuwa mali ya watawa wa Mtakatifu Benedikto wa mlima Subasio, nalo lilikuwa limeachwa bila mtu. Mwaka 1208 au 1209, akiwa huko, alisikia katika Misa Injili ya wanafunzi waliotumwa bila fedha wala fimbo wala kanzu mbili. Akalitupa fimbo lake, akavua viatu, akaanza kuhubiri.

Wa kwanza kumfuata alikuwa tajiri, Bernardo wa Quintavalle, aliyegawa mali yake yote kwa maskini. Walipokuwa wakigawa, akatokea padre Silvestro. Huyo alikuwa amemwuzia Fransisko mawe ya Damiano, na sasa akanung'unika kwamba hakulipwa bei ya haki. Fransisko hakubishana. Akatia mkono katika mfuko wa Bernardo, akampa fedha tele, mara ya kwanza na ya pili. Silvestro akaenda nyumbani na fedha zake, na fedha zile zikamnyima raha. Baada ya muda akaacha yote, akawa padre wa kwanza katika undugu ule.

Mwaka 1209 ndugu walikwenda Roma. Yasimuliwa kwamba Papa Inosenti wa Tatu aliona katika ndoto basilika la Laterano likiinama kuanguka, na mtu mdogo, mnyonge, akilitegemeza kwa bega lake. Papa akawakubalia namna yao ya kuishi. Bega lile, nadhani, lilikwisha kujifunza kazi kwa mawe ya Damiano.

Lakini fundi huyu alibomoa pia. Wakati mmoja alipokuwa safarini, watu wa Assisi waliwajengea ndugu nyumba ya mawe na chokaa pale Porziuncola, wakaiezeka vigae. Fransisko aliporudi akapanda juu ya paa, akawaita na wenzake, akaanza kuvirusha vigae chini. Ndipo watu wa mji wakamjulisha kwamba nyumba si ya ndugu, ni ya mji. Akashuka, wala hakuigusa tena. Hakuchukia nyumba, alichokataa ni kuwa na nyumba yake. Hata Porziuncola, aliyoipenda kuliko mahali pote, alitaka ihesabiwe kuwa ya watawa wa Benedikto, na kila mwaka ndugu waliwapelekea kikapu cha samaki kuwa kodi.

Alipohubiri vijijini alichukua ufagio, maana uchafu wa makanisa ulimwumiza moyo. Siku moja mkulima jina lake Yohane alimkuta akifagia, akauacha ulimaji wake, akaupokea ufagio mkononi mwake, akamaliza kazi. Kisha akaomba kuwa ndugu, akapokewa.

Mwaka 1212 Klara, binti wa ukoo mkubwa wa Assisi, alimfuata, na muda mfupi baadaye yeye na wenzake wakapewa Damiano kuwa makao yao. Klara aliishi ndani ya kuta zile hata kufa kwake mwaka 1253.

Fransisko alirudi huko mwaka 1225, mgonjwa, macho yake karibu hayaoni. Alikufa Porziuncola jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Kesho yake, walipopeleka mwili mjini, walipitia Damiano. Wavu wa chuma wa dirisha ukaondolewa, masista wakamtazama na kumlilia. Tarehe 16 Julai 1228 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Tangu mwaka 1569 kanisa kubwa mno lilijengwa kuifunika Porziuncola. Mwaka 1832 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya jengo hilo, na kanisa dogo ndani yake likabaki limesimama. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko jingine liliangusha sehemu za dari la basilika la Fransisko mjini Assisi, likawaua watu wanne waliokuwa ndani wakikagua madhara. Mafundi waliokota vipande vya picha zilizochorwa darini, wakavichambua kimoja kimoja, wakavirudisha walivyoweza. Basilika likafunguliwa tena Novemba 1999. Nayo Damiano ingalipo. Msalaba wake wa ubao sasa umo mjini, katika kanisa la Mtakatifu Klara.