Edward Steere: Mwalimu Aliyeanza kwa Kuwa Mwanafunzi

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Geita hukuta darasani watoto wanaozungumza Kisukuma, Kizinza au Kisumbwa nyumbani, pamoja na wengine ambao wazazi wao wamehamia machimboni kutoka mikoa mingine. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili. Kwa hiyo tumeona vema kueleza maisha ya mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, kisha akaandika kitabu cha kuwafundisha wenzake.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, baadaye akawa padre wa Kanisa la Anglikana. Mwezi Agosti 1864 aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer, naye alikuwa na umri wa miaka 36. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na Johann Ludwig Krapf alikuwa ametoa muhtasari wa sarufi yake mwaka 1850 kutokana na kazi yake ya Mombasa. Steere aliketi na wenyeji wa Unguja, akasikiliza, akaandika na kukubali kusahihishwa. Hadithi walizomsimulia alizichapisha mwaka 1870.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer. Hao nao walitoka bara na lugha nyingine. Basi mwalimu na wanafunzi walikuwa wakijifunza Kiswahili kwa pamoja.

Mwaka huo huo wa 1870 Steere alitoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kwa wasemaji wa Kiingereza. Alitambua matatizo yao makubwa mawili. La kwanza ni matamshi. Katika Kiingereza irabu moja huweza kuwa na sauti nyingi. Hivyo aliwaelekeza wazitamke irabu kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. La pili ni ngeli. Mwingereza huutafuta wingi mwishoni mwa neno, kumbe katika Kiswahili huonekana mwanzoni, na tena hutawala sentensi nzima: kiti kizuri kimevunjika, viti vizuri vimevunjika. Kwa hiyo Steere aliyapanga majina kwa kufuata viambishi vyake.

Alifanywa askofu mwaka 1874, akafariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882. Alizikwa katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa chini ya uongozi wake mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vya Steere vilikuwa vimesaidia kutayarisha njia hiyo.

Je, tufundishe kama alivyofundisha Steere? La, kwani wanafunzi wake si wanafunzi wetu. Mtoto wa Kisukuma asemaye munhu na banhu tayari anazo ngeli. Hana haja ya kuelezwa kwamba wingi huanza mwanzoni mwa neno. Shida yake i penginepo. Sauti ya dh, ambayo Mwingereza anayo katika lugha yake, mtoto huyu huitamka z, naye huita dhahabu ya kwao zahabu. Vivyo hivyo thelathini huwa selasini, na r na l hubadilishana nafasi.

Tunachopaswa kukichukua kwa Steere ni desturi yake ya kusikiliza kwanza, ili kujua mwanafunzi analo nini na amepungukiwa nini. Mwalimu asikilize darasa lake kwa juma zima, aandike makosa ya matamshi yanayorudiwa, kisha atayarishe mazoezi ya sauti hizo tu. Wala asimcheke asemaye zahabu, wala asiruhusu wenzake wamcheke. Mtoto aliyeaibishwa hufunga kinywa, na aliyefunga kinywa hawezi kusahihishwa. Steere mwenyewe asingaliandika kitabu chochote kama wenyeji wa Unguja wangalimcheka mpaka akanyamaza.