Mvuvi wa Shimoni Niliyemjulia Moiben

Safu ya leo naiandika nikiwa mbali na bahari. Niko Moiben, kaunti ya Uasin Gishu, nyanda za ngano na mahindi zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi mtu hatoki nje bila koti zito. Mimi ni mzaliwa wa Shimoni, kaunti ya Kwale. Diploma yangu ya ualimu ndiyo iliyonileta huku, na miezi ya mwanzo nilikuwa nikiamka usiku nikidhani nasikia maji yakijaa, kumbe ni upepo kwenye mahindi.

Siku moja, nikipanga vitabu katika kabati ya shule, nikakutana na kijitabu chembamba kisicho na jalada. Kilikuwa ni kile kisa cha mzee na bahari cha Mmarekani Ernest Hemingway. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekisoma na kubaki na swali: huyo samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki ni samaki gani? Nikamwambia ni nduaro, sisi kwetu tunamjua. Darasa likacheka, wakadhani najisifu. Basi nikafungua kurasa za mwanzo, palipoandikwa maisha ya mtungaji kwa ufupi, niwasomee. Hapo ndipo nilipokutana na jina la kijiji changu. Hemingway aliwahi kupiga kambi Shimoni akivua. Wanafunzi wakanigeukia wakitaka niwahadithie, maana mimi ndiye mtu wa Shimoni. Sikuwa na la kuwaambia.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nisome habari za mtu huyu, na leo nataka niwape mukhtasari wake, kwani kuna funzo ndani yake linalotuhusu sisi wenye bahari.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa uvuvi na uwindaji. Kila kiangazi familia ilihamia kwenye nyumba yao ndogo kando ya ziwa Walloon, jimbo la Michigan, na huko baba akampa mwanawe mshipi na ndoana kabla mtoto hajajua kusoma. Samaki wa huko ni trauti, samaki wa maji baridi yaendayo mbio. Kwa hiyo mtu ambaye dunia inamjua kwa bahari, uvuvi wake aliuanza mitoni, kama vijana wa hapa Moiben wanavyouanza kwenye mto wao unaoteremka kutoka milima ya Cherangani ukielekea Nzoia. Jumamosi huwaona wakiwa na fito na minyoo ndani ya mkebe, na samaki wenyewe ni wa kukaangwa kwenye kikaango kimoja.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, Hemingway alikwenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Mwezi wa Julai 1918, akiwa hajatimiza miaka 19, kombora lilimjeruhi vibaya miguuni. Aliporudi kwao hakuwa yule kijana aliyeondoka. Dawa aliyoijua ni ile aliyofundishwa na baba yake. Mwaka 1919 alikwenda na rafiki zake wawili kuvua trauti kaskazini mwa Michigan, na kutokana na safari ile akaandika hadithi iliyotoka mwaka 1925, ya kijana anayepiga kambi peke yake kando ya mto na kuvua. Vita havitajwi ndani yake hata mara moja, lakini msomaji anahisi kwamba yule kijana anajitibu. Mvuvi yeyote wa kwetu aliyewahi kutia nanga mahali patulivu akiwa na jambo zito moyoni ataielewa hadithi ile bila ya mwalimu.

Baada ya kuishi Paris na kupata jina kwa vitabu vyake, mwaka 1928 alihamia Key West, kisiwa cha kusini kabisa mwa Florida. Mwaka huohuo baba yake, aliyemfundisha kuvua, alijitoa uhai kwa bastola. Jeraha hilo halikupona. Ni katika miaka hiyo Hemingway aliacha kuwa mtu wa mito akawa mtu wa maji makuu. Alivuka mpaka Cuba, na huko mvuvi Carlos Gutiérrez akamfundisha namna ya kumvua nduaro: chambo kiende kina gani, samaki aachiwe mshipi kiasi gani kabla ya kumkaza. Mwandishi maarufu akakaa chini kama mwanafunzi mbele ya mvuvi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Tarehe 8 Desemba 1933 meli yake ilitia nanga Mombasa. Alikuja kuwinda, na msafara ukaenda Tanganyika akiongozwa na mwindaji Philip Percival. Katikati ya safari akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, ikabidi asafirishwe kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa, akipita karibu na Kilimanjaro. Uwindaji ulipomalizika mwanzoni mwa mwaka 1934, hakupanda meli moja kwa moja. Alikwenda Malindi kuvua. Huo ndio uliokuwa mwanzo wake na bahari yetu.

Alipofika New York mwezi wa Aprili 1934, alikwenda Brooklyn kuagiza boti ya futi 38, sehemu ya fedha akiwa amekopeshwa na jarida alilokuwa akiliandikia. Akaipa jina Pilar. Boti hiyo alikaa nayo hadi mwisho wa maisha yake, muda mrefu kuliko alivyokaa na mke yeyote kati ya wake zake wanne.

Visa vya Pilar ni vingi. Mwaka 1935, akielekea visiwa vya Bimini, alimvuta papa hadi ubavuni mwa boti, akataka kummaliza kwa bastola. Risasi ikagonga chuma, ikavunjika, ikamrudia mwenyewe miguuni. Wenzake wakageuza boti kumpeleka kutibiwa. Hakukata tamaa, akarudi Bimini. Tatizo la wavuvi wa huko lilikuwa kwamba jodari mkubwa alipokuwa akichoka kwenye mshipi, papa walimla akabaki kichwa. Hemingway akasisitiza kwamba samaki asiachwe apumzike, avutwe kwa nguvu tangu mwanzo, na kwa njia hiyo akaingiza jodari wazima. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alizunguka na Pilar pwani ya Cuba akizisaka nyambizi za Wajerumani. Hakupigana na hata moja, na wapo waliosema kwamba alivua zaidi kuliko alivyopiga doria.

Kutoka mwaka 1940 alikuwa na nyumba yake nje ya Havana, na boti aliifunga katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Cojímar. Nahodha wake alikuwa Gregorio Fuentes. Huko akawa mtu wa kukaa na wavuvi, kunywa nao, kusikiliza. Mwaka 1936 alikuwa ameandika kwa kifupi habari aliyoisikia kwao: mzee mmoja aliyekuwa peke yake kidauni alinasa nduaro mkubwa mno, akavutwa mbali baharini, akamshinda samaki, kisha papa wakamla samaki akiwa amefungwa ubavuni. Wenzake walimkuta akilia. Habari ile aliibeba moyoni kwa miaka 16. Mwaka 1952 ikatoka ikiwa kitabu, na jarida lililoichapa kwa mara ya kwanza liliuza nakala zaidi ya milioni 5 kwa siku mbili. Mwaka 1953 kikampatia tuzo ya Pulitzer.

Mwezi wa Agosti 1953 akarudi Mombasa kwa safari ya pili ya Afrika Mashariki. Januari 1954 alikodi ndege ndogo ili yeye na mkewe Mary waione nchi kutoka angani. Karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ndege ikagonga waya wa simu, ikaanguka. Wakanusurika. Siku ya pili wakapanda ndege nyingine Butiaba, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba amekufa. Hakufa, lakini aliumia kichwa, uti wa mgongo, ini, figo na wengu.

Na mtu aliyeumia hivyo alikwenda wapi? Alikuja Shimoni. Kambi ya uvuvi ilikuwa imekwisha pangwa, na mwezi wa Februari 1954 akafika, Wasini ikiwa mbele yake na mlango wa Pemba nje ya mwamba. Maumivu hayakumwachia nafasi ya kuvua sana. Siku moja moto ukashika majani karibu na kambi. Akaenda kusaidia kuuzima, akaanguka ndani ya moto, akaungua miguu, tumbo, kifua, midomo na mikono. Mwezi wa Machi akaondoka Mombasa kwa meli, na hakurudi tena. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi. Kwa sababu ya majeraha, hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa mizito. Mwezi wa Mei 1960 bado alisimamia mashindano ya uvuvi yaliyobeba jina lake huko Cuba, na kikombe akampa Fidel Castro aliyeshinda. Miezi miwili baadaye aliondoka Cuba na hakuiona tena, wala Pilar. Alihamia Ketchum, Idaho, nchi ya milima iliyo mbali na bahari. Akili ikamsumbua, akalazwa hospitalini, akatibiwa kwa umeme, kumbukumbu zikampotea. Tarehe 2 Julai 1961, akikaribia kutimiza miaka 62, alijitoa uhai kwa bunduki kama baba yake. Pilar alimwachia Fuentes.

Simwandiki ili tumwige. Pombe ilimwandama maisha yake yote, na mwisho wake unaogopesha. Hukumu yake iko kwa Mola wake, si kwangu. Na kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye giza limemzidi, usimwache peke yake, mpeleke kwa wanaojua kutibu.

Nililotaka kulisema ni jingine. Samaki mkubwa kuliko wote aliyemvua Hemingway hakumvua kwa ndoana. Alikuwa ni kisa cha mzee wa Cuba kilichosimuliwa na wavuvi wenzake, naye akakisikiliza, akakitunza, akakiandika. Kwetu visa kama hivyo vimejaa, wala havina wa kuvitunza. Marehemu babu yangu alikuwa kijana mwenye nguvu zake pale Shimoni mwaka 1954. Alijua kila mwamba kwa jina lake, alijua kusi itageuka lini kwa kutazama mawingu tu. Jioni alikaa barazani akisuka dema na kusimulia, nasi wajukuu tukiwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Alifariki nikiwa chuoni. Sikuwahi kumuuliza kama alimwona yule mzungu mwenye ndevu nyeupe na majeraha, wala kama alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kuuzima ule moto. Sikumuuliza hata jina la samaki mkubwa kuliko wote aliyewahi kumpakia.

Basi darasa zima huko Moiben linaweza kuniambia mzee Santiago wa kitabuni alikaa siku 84 bila kupata samaki. Mimi siwezi kuwaambia babu yangu alikaa ngapi.

Tuna simu mifukoni zinazorekodi saa nzima bila gharama. Nakuombeni, enyi wa Vanga, Gazi, Mtwapa, Kilifi, Malindi na Lamu, wakati wa likizo keti na mzee mmoja aliyevua. Muulize majina ya miamba, ya pepo na ya samaki, muulize siku aliyoogopa kuliko zote, muulize nani hakurudi. Usimkatize. Andika jina lake kamili juu ya ukurasa.

Babu yangu ana mwenzake mmoja aliye hai, pale pale Shimoni. Nimeambiwa macho yake hayaoni tena, lakini ulimi bado ni ule ule. Shule zikifungwa mwezi wa Novemba, kituo changu cha kwanza ni barazani kwake, inshallah, kabla sijaenda hata kuitazama bahari. Niombeeni nimkute.

Wabillahi tawfiq.