Mtakatifu Luigi Guanella na Watoto Wema



Likizo iliyopita, huku Tengeru, mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kama kijana wake mwenye ulemavu wa akili anaweza kuandikishwa mafundisho ya Kipaimara. Nikamwambia asubiri kwanza, maana katekisimu hataiweza. Akaitikia tu, akaondoka. Usiku ule nikasoma maisha ya padre mmoja, na aibu ikanishika.

Luigi Guanella alizaliwa mwaka 1842 Fraciscio, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia. Alipewa upadre mwaka 1866, akakaa miaka mitatu kwa Don Bosco kule Torino, kisha akarudi jimboni kwake Como. Mambo hayakuwa mepesi: serikali ilimshuku, na kuna wakati alipelekwa parokia ya mbali kabisa. Hakukata tamaa. Mwaka 1886 alifungua nyumba mjini Como, akapokea wazee, yatima na watu wenye ulemavu wa akili, ambao wengi waliwadharau. Yeye aliwaita watoto wema.

Ila hakuishia kwenye jina zuri. Pian di Spagna palikuwa na kinamasi ambacho hakuna aliyekitaka. Guanella alikwenda huko na watoto wema wake, wakafanya kazi pamoja: kukausha maji, kulima. Pakawa makazi, Nuova Olonio. Waliodhaniwa mzigo wakala jasho lao, kama mtu yeyote.

Alifariki tarehe 24 Oktoba 1915, na mwaka 2011 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapahapa Arusha. Hata Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe wenye ulemavu wa akili wanapata mafundisho kadiri hali yao inavyoruhusu. Kumbe yule mama hakuja kuomba fadhila. Alikuja na haki ya mwanawe, mimi frateri nikamfungia mlango.

Jumapili iliyofuata nilipanda hadi kwao, nikamwomba msamaha, tukaenda wote watatu kwa katekista.

Na wewe, wiki hii, angalia kigangoni kwenu: nani amebaki nyumbani?

Mtakatifu Luigi Guanella, utuombee.