Conor Cruise O'Brien: Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa aliyeipeleka vita ya Katanga jukwaani

Alfajiri ya Septemba 13, 1961, askari wa Umoja wa Mataifa waliteka posta na kituo cha redio mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Asubuhi hiyo hiyo mwakilishi wa umoja huo katika Katanga, raia wa Ireland aitwaye Conor Cruise O'Brien, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba kujitenga kwa jimbo hilo kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha. Moïse Tshombe aliponyoka, mapigano yakaendelea kwa siku kadhaa, na Katanga haikurudi chini ya serikali ya Kongo hadi Januari 1963.

Tangazo lile lilimfuata O'Brien mpaka alipofariki Desemba 18, 2008, akiwa na miaka 91.

Alizaliwa Dublin Novemba 3, 1917. Mwaka uliotangulia, waume wawili wa mama zake wakubwa walikuwa wamekufa. Francis Sheehy-Skeffington alipigwa risasi bila kesi na wanajeshi wa Uingereza wakati wa uasi wa Dublin. Tom Kettle aliuawa Ufaransa, akiwa amevaa sare ya jeshi hilo hilo la Uingereza. Familia moja, misiba miwili isiyopatana.

Katika Chuo cha Trinity alisoma Kifaransa na Kiayalandi. Kiingereza kilikuwa lugha ya mtawala wa jana, na taifa jipya lilitaka kufufua Kiayalandi. Lakini mchezo uliowasha wengi moyo wa uhuru uliandikwa kwa Kiingereza: Cathleen ni Houlihan wa mwaka 1902, kazi ya W. B. Yeats na Lady Gregory, ambamo mwanamke mzee anamtoa kijana nyumbani wakati harusi yake imekaribia, aende vitani. O'Brien hakuuona kama burudani tu. Mwaka 1965 alitoa makala ndefu kuhusu siasa za Yeats. Mke wake wa pili, Máire Mhac an tSaoi, alikuwa mshairi wa Kiayalandi.

Alifika Elisabethville Juni 1961, miezi mitano baada ya Patrice Lumumba kuuawa nje kidogo ya mji huo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Septemba 13 ilieleza kwamba vita vilianza pale askari wake waliposhambuliwa wakienda kwenye gereji iliyokuwa imechomwa moto. O'Brien, aliyekuwapo, alijua kwamba operesheni ilikuwa imepangwa. Siku chache baadaye Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, akielekea kuonana na Tshombe. Desemba O'Brien alijiuzulu, na mwaka 1962 akachapisha kitabu, To Katanga and Back, kilichoikanusha ripoti hiyo.

Kitabu hakikumtosha. Mwaka 1968 alitoa tamthilia, Murderous Angels, iliyoonyeshwa Los Angeles mwaka 1970 na New York mwaka uliofuata. Ndani yake Hammarskjöld anasimamia amani na Lumumba uhuru, na wa kwanza anamwacha wa pili aangamie ili amani ipone. Waliofanya kazi na Hammarskjöld walikasirika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki: jukwaa lilimruhusu O'Brien kutamka kama jambo la hakika kile ambacho ushahidi haukukifikia. Alikuwa ameikataa ripoti kwa sababu ilitunga.

Jambo jingine halikusemwa sana. Vita vya mji huu vilipelekwa jukwaani kwa Kiingereza, mbali na watu wa Kenya na Katuba walioviishi kwa Kiswahili. Na Kiswahili cha Lubumbashi hakikukosa jukwaa. Kundi la Mufwankolo lilikitumia kwa miaka mingi kucheka na kulia na wakubwa.

Mwaka 1973 O'Brien akawa waziri wa posta na simu wa Ireland, mwenye kusimamia pia redio na televisheni. (Posta na redio, kama alfajiri ile ya Elisabethville.) Sasa aliamini kwamba nyimbo na michezo ya kuwatukuza mashujaa waliokufa iliwapeleka vijana kuua. Alishikilia marufuku ya kuwatangaza wasemaji wa IRA, na agizo lake la 1976 lilikitaja chama cha Sinn Féin kwa jina. Mwaka 1977 alipoteza kiti chake bungeni. Marufuku ilibaki hadi Januari 1994.