Garibaldi na Shamba Lake la Caprera

Kila aliyewahi kuvaa sare ajua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kungoja. Hungoja zamu, hungoja amri, hungoja likizo, hungoja lori litakaloleta chakula na barua za nyumbani. Mapigano yenyewe, au ile siku ya kumtia mbaroni mhalifu aliyesakwa miezi mingi, ni saa chache tu katika utumishi mrefu. Ndiyo maana leo tumeona vema kuwaeleza ndugu zetu wa makambini na vituoni maisha ya Giuseppe Garibaldi, jemadari wa Italia, ambaye wengi wamemsikia kwa vita vyake na wachache kwa mbuzi wake.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1807 katika mji wa Nice, kandokando ya bahari, baba yake akiwa nahodha wa chombo kidogo cha biashara. Yeye pia akawa baharia, na mwaka 1832 akapata cheti cha unahodha. Siku hizo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imekatwakatwa vipande: kaskazini mfalme wa Piemonte upande mmoja na Waaustria upande wa pili, katikati Papa akitawala Roma na majimbo yake, na kusini mfalme wa Napoli. Kijana huyu akaingia katika chama cha siri cha Mazzini kilichotaka vipande hivyo viwe taifa moja. Februari 1834 akashiriki katika njama ya uasi mjini Genoa. Njama ikavunjika, naye akatoroka akiwa amevaa nguo za mkulima. Mahakama ikamhukumu kifo hali hayupo. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tangu hapo hadi majeshi ya Italia yalipoingia Roma, tarehe 20 Septemba 1870, ilipita miaka 36, na shabaha yake haikubadilika hata siku moja. Swali tunalojiuliza ni hili: je, mtu huziishije siku zote hizo zilizo katikati?

Miaka 12 kati ya hiyo aliimaliza Amerika ya Kusini, mbali kabisa na nchi aliyotaka kuikomboa. Huko aliwapigania waasi wa Rio Grande do Sul dhidi ya dola ya Brazili, na mwaka 1839, katika mji wa Laguna, akakutana na Anita, msichana wa miaka 18 aliyejua kupanda farasi kuliko yeye. Mtoto wao wa kwanza, Menotti, alizaliwa Septemba 1840. Siku 12 baadaye maadui waliivamia nyumba waliyokuwamo usiku, wakati Garibaldi amekwenda kutafuta nguo za kumvika mtoto. Anita akaruka juu ya farasi na kichanga chake akakimbilia msituni. Katika mafungo yaliyofuata, jeshi likivuka milima na mito kwa mvua na baridi, Garibaldi alimbeba mtoto katika kitambaa alichojifunga shingoni, akimpasha joto kwa pumzi yake. Twawaomba wasomaji waitazame picha hiyo kidogo. Huyu ndiye ofisa aliyeapa kuunganisha Italia, na kazi iliyokuwa mbele yake saa ile ilikuwa kuzuia mtoto mmoja asife kwa baridi. Aliifanya hiyo.

Mwaka 1841 aliacha utumishi ule. Malipo yake yalikuwa ruhusa ya kukusanya ng'ombe wapatao 900, akawaswaga hadi Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Mabaharia si wachungaji. Safari ilichukua siku 50 hivi, na alipofika alikuwa na ngozi 300 tu mkononi. Basi akafundisha hesabu katika shule, akazungusha sampuli za bidhaa za wafanyabiashara, akalisha watoto wake. Mji ulipozingirwa tangu mwaka 1843, akaunda kikosi cha Waitalia waliokuwa wakiishi huko, nao wakavaa yale mashati mekundu yaliyokuja kujulikana dunia nzima. Hayakuwa sare ya fahari. Yasemekana yalishonwa kwa ajili ya wafanyakazi wa machinjioni, yakapatikana kwa bei rahisi.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja admirali wa Kifaransa alimtembelea nyumbani akamkuta kakaa gizani, kwa kuwa posho ya askari ilikuwa na mkate, nyama na chumvi, lakini mshumaa haukuandikwa. Waziri wa vita aliposikia akamletea fedha. Garibaldi alichukua za kutosha kununua mishumaa, zilizobaki akampelekea mjane wa askari. Kikosi chake kilipopewa ardhi kama zawadi, walikataa wote. Sisi tunaona kwamba hadithi ya mishumaa ina upande ambao wasimulizi huupita haraka: gizani mle alikuwamo Anita pia na watoto wadogo, wala hatuambiwi kama wao waliulizwa.

Gharama ilizidi hapo. Mwishoni mwa mwaka 1845, Garibaldi akiwa mbali katika vita vya mto Uruguay, binti yake Rosita, asiyefikisha miaka mitatu, alifariki Montevideo. Baba alipata habari kwa barua. Askari wengi wamepokea barua ya namna hiyo, nao wanajua kwamba kesho yake zamu huwa palepale. Tarehe 8 Februari 1846 alipigana karibu na Salto, katika pambano lililompa sifa Amerika na Ulaya.

Mwaka 1848 alirudi Italia kwa kuwa mapinduzi yalikuwa yamezuka, na mwaka 1849 akawa miongoni mwa walioilinda Jamhuri ya Roma dhidi ya jeshi la Ufaransa. Anita, akiwa mjamzito, aliwaacha watoto Nice kwa mama mkwe wake akamfuata mumewe. Roma iliposhindwa, tarehe 2 Julai, Garibaldi alitoka na watu 4,000 hivi, Waaustria na Wafaransa wakimwinda milimani. Kila siku idadi ilipungua. Tarehe 31 Julai, katika nchi ndogo ya San Marino, aliwaruhusu waliobaki waende zao. Anita alishikwa na homa, lakini alikataa kuachwa nyuma. Tarehe 4 Agosti, katika nyumba ya wakulima pale Mandriole, karibu na Ravenna, alikata roho. Mumewe alilazimika kukimbia jioni ileile kabla hajamzika. Miaka 10 ilipita ndipo aliporudi na Menotti na Teresita kuichukua mifupa yake, akaizika Nice.

Yaliyofuata ni miaka ya uhamisho, na hapa waandishi wengi wa maisha yake hukimbiza kalamu kwa sababu hapana risasi. Sisi twapenda kutua kidogo. Mwaka 1850 alikuwa Marekani, katika kisiwa cha Staten Island, akifanya kazi katika kiwanda cha mishumaa cha Mwitalia mwenzake, Antonio Meucci. Jenerali aliyetetea Roma akichovya tambi katika mafuta! Kisha akarudi kwenye unahodha, akapeleka meli ya mizigo hadi Uchina. Mama yake alifariki Machi 1852 naye yumo safarini. Watoto walikuwa wakilelewa na wengine. Teresita alikaa kwa familia ya marafiki. Hatutaki kumpamba: baba huyu aliwakosa watoto wake miaka ambayo hairudi, nao walimkosa. Mtu akisema kwamba shabaha ya mbali ilikula nyumba ya Garibaldi, hatutambishia.

Labda yeye mwenyewe aliliona. Aliporudi Ulaya, mwaka 1855, kwa urithi aliouacha ndugu yake, alinunua sehemu ya kisiwa cha Caprera. Ni kisiwa cha mawe kaskazini ya Sardinia, chenye kilomita za mraba 15 hivi, upepo hausiti, udongo ni haba. Hapo alijenga nyumba nyeupe kwa mtindo aliouona Amerika ya Kusini, akibeba mawe pamoja na mwanawe Menotti na rafiki zake wa vita. Alipanda mizabibu, mizeituni, mitini na maharagwe. Alifuga ng'ombe, mbuzi na nyuki. Baadhi ya punda wake aliwapa majina ya wakuu aliopigana nao, mmojawapo akiwa Napoleon III. Aliweka daftari la shamba, akiandika kilichopandwa na kilichovunwa. Aliamka mapema sana, hakunywa pombe, akaenda shambani kabla jua halijawa kali. Wajumbe wa kisiasa waliovuka bahari kumwona walimkuta ana jembe mkononi, nao iliwapasa kungoja amalize mstari.

Watu walimdhania amekata tamaa, kumbe sivyo. Aprili 1860 habari zilifika kwamba Sicilia imeasi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei aliondoka Quarto, karibu na Genoa, na meli mbili na watu 1,089, wengi wao wanasheria, madaktari na wanafunzi wenye bunduki mbovu. Tarehe 11 walishuka Marsala, tarehe 15 wakashinda Calatafimi, tarehe 27 wakaingia Palermo. Tarehe 7 Septemba Garibaldi aliingia Napoli kwa gari la moshi, mbele ya jeshi lake mwenyewe, huku askari wa mfalme wangali katika ngome za mji. Mwanzoni mwa Oktoba aliwashinda katika vita vikubwa vya mto Volturno. Mtu aliyelima maharagwe miezi michache nyuma sasa alitawala nchi yenye mamilioni ya watu.

Tarehe 26 Oktoba, karibu na Teano, alikutana na Mfalme Victor Emmanuel wa Pili akamkabidhi yote. Mfalme alimpa cheo cha juu, jumba, meli, na mahari ya binti. Alivikataa. Alichoomba ni askari wake wapokewe katika jeshi la taifa kwa vyeo vyao, na ombi hilo halikutimizwa ipasavyo. Twalitaja kwa kuwa wenye sare wataelewa uchungu wake. Alfajiri ya tarehe 9 Novemba alipanda meli kurudi Caprera. Mzigo wake ulikuwa gunia la mbegu, kahawa na sukari kidogo, samaki wakavu na sanduku la makaroni. Ilikuwa miezi kadhaa tangu aache shamba, na msimu wa kupanda ulikuwa umefika.

Inasimuliwa kwamba jioni moja ya mwaka 1861 mchungaji alikuja kusema kuwa mwanakondoo mmoja amepotea. Garibaldi akatoka na taa pamoja na maofisa wake kumtafuta katika miamba. Usiku ulipokuwa mkubwa wenzake wakaenda kulala. Asubuhi walishangaa kumkuta jenerali hajaamka, wakaingia chumbani. Alikuwa amelala, na mwanakondoo yumo ndani ya blanketi lake.

Tusidhani hata hivyo kwamba alikuwa mtu wa subira kila siku. Italia ilitangazwa ufalme mmoja mwaka 1861, lakini Roma ilibaki nje, na jambo hilo lilimwasha moyo. Mwaka 1862 aliondoka kwenda kuitwaa bila idhini ya serikali. Tarehe 29 Agosti, mlimani Aspromonte, jeshi la Italia lenyewe lilimfyatulia risasi. Aliwakataza watu wake wasijibu, akapigwa mguuni; risasi ilikaa katika kifundo karibu miezi mitatu ndipo daktari akaitoa. Mwaka 1867 serikali iliweka manowari kukizunguka kisiwa chake, naye akiwa na miaka 60 akapenya katikati yake kwa mtumbwi mdogo wa kuwindia bata, akaenda tena kuelekea Roma, akashindwa Mentana tarehe 3 Novemba. Mara zote mbili wafuasi wake walikufa na Roma haikupatikana.

Lakini kati ya makosa hayo mawili lipo tendo la mwaka 1866. Garibaldi alikuwa akiwasukuma Waaustria nyuma katika milima ya Trentino, njia iko wazi, ndipo ikaja amri ya kusimama na kuondoka, kwa kuwa suluhu ilikuwa inatafutwa. Alijibu kwa simu ya neno moja tu, kukubali. Yasemekana baadhi ya askari wake walivunja panga zao kwa hasira. Yeye aliyaacha mashamba ya wengine aliyoyakomboa kwa damu, akarudi kwenye lake.

Roma ilipoingiwa mwaka 1870, hakuwapo. Kisiwa chake kilikuwa chini ya ulinzi, na kazi ya miaka 36 ikamalizwa na majenerali wengine. Mwaka uleule, ugonjwa wa viungo ukiwa umemkaba, alikwenda kuisaidia Jamhuri ya Ufaransa, akapigana Dijon, kisha akarudi Caprera kabisa.

Huko katika miaka ya mwisho alipata kile alichowanyima watoto wake wa kwanza. Na Francesca Armosino, aliyemwoa rasmi mwaka 1880, alizaa Clelia, Rosa na Manlio, Rosa hakuishi. Clelia alipozaliwa mwaka 1867 baba alipanda msonobari uani. Alipokuwa hawezi tena kutembea, alisukumwa katika kiti hadi kwenye mizabibu, akaelekeza kipi kikatwe na kipi kiachwe.

Tarehe 2 Juni 1882 alikuwa amelala kitandani akielekezwa dirishani, bahari ikionekana. Ndege wawili wadogo walitua kwenye kizingiti. Wauguzi walitaka kuwafukuza, yeye akawazuia. Alidhani huenda ni mabinti zake wawili waliomtangulia, akaomba walishwe hata baada yake. Alifariki saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Aliagiza mwili wake uchomwe kwa kuni za kisiwani, mahali alipopachagua mwenyewe, bila sherehe. Wakubwa hawakukubali, alizikwa kwa heshima zote, jiwe zito la matale likawekwa juu yake. Saa ya ukutani ilisimamishwa, na kalenda haikufunuliwa tena. Msonobari wa Clelia ungali umesimama uani.