Edmond na ua la vanila
Vanila ile wanalima Beni ni aina ya okidi, na kwao ni Meksiko. Kwenye kisiwa cha Réunion ilikuwa inachanua bure tu, mpaka akatokea Edmond, mutumwa aliyezaliwa 1829. Mama yake alikufa akimuzaa. Bwana wake alimufundisha kutambua mimea. Mu 1841, na miaka 12 tu, aliona ndani ya ua kangozi kanakotenga dume na jike. Akakainua na kijiti, akabonyeza na kidole gumba: tunda likashika. Njo vile wakulima wanafanya mpaka leo. Wenye mashamba wakatajirika. Fundi mumoja wa mimea, Richard, akadai ni yeye alimufundisha. Bwana wa Edmond mwenyewe akakataa kwa barua. Utumwa uliisha 1848, Edmond akapewa jina Albius. Feza, hapana. Alifungwa juu ya wizi, akafa masikini mu 1880.